Mwalimu wa Nachingwea, darasa la Longido

Majina ya ajira mpya za walimu yanapotoka, kila mmoja hukimbilia safu ya kituo cha kazi. Mzaliwa wa Nachingwea, kusini, anajikuta kapangiwa Longido, kwa wafugaji wa Kimaasai kaskazini mwa Tanzania. Wa Bukoba kapelekwa Tandahimba, na binti aliyekulia Moshi anatakiwa aripoti Kaliua ndani ya siku chache. Vyeti wanavyo, andalio la somo wanajua kuliandika, saikolojia ya elimu wameifaulu. Ambacho hakuna aliyewaeleza ni kwamba watoto watakaowakuta wanazungumza lugha gani nyumbani, wanalelewa vipi, na kwa nini mahudhurio hushuka kiangazi kinapokaza.

Utaratibu wa kuwachanganya walimu una heshima yake, na sitaki kuubeza. Baada ya uhuru, Tanzania ilikusudia kabisa kuwapeleka vijana mbali na kwao, shuleni na kazini, ili nchi yenye makabila zaidi ya 120 isigawanyike. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kumuuliza mtu kabila lake. Tukalelewa tukijua kwamba kumuuliza mwenzako kabila lake ofisini ni utovu wa adabu, na kwa kiasi kikubwa amani tuliyonayo tumeipata hivyo.

Ila ukimya huo una gharama, na anayeilipa ni mtoto wa darasa la kwanza. Kwa kuwa tofauti zetu hazitajwi, vyuo vya ualimu vinamwandaa mwalimu kana kwamba watoto wote wamelelewa nyumba moja. Akifika kituoni akakuta hawafanani na alivyotarajia, neno lililo karibu ni "wagumu kuelewa". Baada ya mwaka linakuwa "watu wa huku hawapendi shule", na barua ya kuomba uhamisho iko njiani.

Wapo wanaodhani dawa ni kuongeza chuoni somo la mila za makabila. Mimi naliogopa somo hilo. Mwalimu akikaririshwa kwamba Wamaasai wako hivi na Wamakonde wako vile, atafika darasani na majibu kabla hajamwona mtoto hata mmoja, na mtoto wa Kimaasai aliyezaliwa Arusha mjini, baba yake fundi magari, atatendewa kama mchungaji wa Simanjiro. Anachohitaji mwalimu ni stadi: kuuliza, kusikiliza, kisha kulibadili somo kutokana na alichokisikia. Stadi hiyo inafundishika, na ugumu wake unaonekana vizuri ukiyafungua mambo yaliyofungamana ndani yake moja moja.

Kiswahili hakimfikii kila mtoto kwa njia moja

Anza na lugha. Mtoto wa Kisukuma anayeanza shule anakutana na Kiswahili, ndugu wa lugha yake. Kwao mtu ni munhu na watu ni banhu. Ngeli anazo tayari kichwani, viambishi vya kitenzi vina mpangilio anaoutambua. Mtoto wa Kimaasai hana msaada huo. Lugha yake ni ya jamii ya Kiniloti, haina ngeli za Kibantu, na majina yake yanagawanywa kwa jinsia. Kwake "kiti kizuri kimevunjika" na "meza nzuri imevunjika" ni mzigo mpya kabisa, na anatakiwa kuubeba huku anajifunza kushika penseli.

Ukienda Mbulu, Hanang na bonde la Ziwa Eyasi, mambo yanazidi. Katika eneo ambalo pikipiki inalivuka kwa siku moja kuna Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga wenye lugha ya Kiniloti, jirani zao Wanyiramba na Wanyaturu wenye lugha za Kibantu, na Wahadzabe ambao lugha yao, yenye sauti za vidoko, haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Wataalamu wa isimu hutoka Ulaya kuja kusoma hapo. Mwalimu aliyepangiwa hapo hapewi hata nusu saa ya maelezo.

Tazama sauti mbili tu, l na r. Kisukuma hakizitofautishi, kwa hiyo mtoto wa Magu au Kwimba anaposomewa imla anaweza kuandika "langi" kwa rangi. Akishtukia kwamba anakosea, huenda akageuza kila kitu na kuandika "mrango". Tangu mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa 2015 watoto hufundishwa kusoma kwa kuanzia sauti za herufi, na mtoto hawezi kuandika tofauti ambayo sikio lake halijaisikia. Mwalimu asiyejua hili hutia wino mwekundu daftari zima, wiki baada ya wiki, na mtoto hajui kosa liko wapi. Anayejua huanza na sikio. Huchukua jozi kama kula na kura, mahali na mahari, akatamka, watoto wakanyoosha mkono wa kulia kwa neno moja na wa kushoto kwa jingine, kabla ya penseli kugusa karatasi. Baada ya siku kadhaa za dakika 10 atajua nani anasikia na nani bado. Hakuna gharama hapo, ila lazima mtu awe amemwambia kwamba lugha ya kwanza ya mtoto huacha alama zake kwenye ya pili, na kwamba alama hizo zina utaratibu.

Pwani kuna sura nyingine. Mtoto wa Pangani au Kilwa mara nyingi ameanza chuo cha Kurani kabla ya shule. Anakuja na kumbukumbu iliyonolewa, na amezoea maandishi yanayotoka kulia kwenda kushoto. Siku za kwanza anaweza kulifungua daftari kwa nyuma au kuanza mstari upande usiotarajiwa. Akionekana mzito, ni hasara kubwa, kwa sababu jambo gumu kuliko yote katika kusoma amekwisha kulipata: anajua kwamba alama zilizo kwenye karatasi ni sauti, na kwamba kila alama ina yake. Mwalimu aliyeandaliwa angemwambia hivyo hivyo, "Wewe kusoma umeshaanza, sasa tunageuza upande."

Swali ambalo muulizaji analijua jibu lake

Kuna jambo lililojificha kuliko lugha, nalo ni mazungumzo yenyewe. Shule imejengwa juu ya swali la ajabu: mtu mzima ananyoosha kidole kwenye kitu anachokiona wazi kisha anauliza, "Hiki ni nini?" Nyumba nyingi za mjini huwalea watoto kwa maswali hayo tangu wakiwa wachanga. Nyumba nyingine hazina. Katika miaka ya 1970 mtafiti Shirley Brice Heath aliishi karibu na familia za Wamarekani weusi katika majimbo ya Carolina, akitaka kujua kwa nini watoto wao walikuwa wasemaji hodari nyumbani na kimya darasani. Aligundua kwamba nyumbani wakubwa hawakuwauliza watoto mambo ambayo wao wenyewe wanayajua. Waliwauliza kitu fulani kinafanana na nini, kimetokea nini, nani alisema nini. Walimu walipoanza kuuliza pia maswali ya namna hiyo, kisha wakawafundisha watoto wazi wazi na maswali ya kishule, wale waliokuwa kimya walianza kusema.

Sasa mlete mwalimu mgeni Longido, anyanyue kadi yenye rangi aulize, "Hii ni rangi gani?" Mbele yake amekaa mtoto wa miaka 7 ambaye katika Kimaasai ana majina mengi ya rangi na mabaka ya ng'ombe: mwenye madoa, mwenye mistari, mweusi mwenye tumbo jeupe. Kwa rangi huenda anampita mwalimu. Ananyamaza kwa sababu haelewi mtu mzima mwenye akili zake anataka nini kwa kuuliza kitu kilicho mbele ya macho yake, tena kwa lugha ya kigeni. Kwenye kitabu cha maendeleo inaandikwa: hawezi kutambua rangi.

Adabu nayo inaongeza fundo. Mtoto wa Kimaasai huinamisha kichwa mbele ya mkubwa ili aguswe utosini, binti wa Kisukuma hupiga goti, na karibu kote nchini mtoto hufundishwa asimkodolee macho mtu mzima wala asimkatize. Halafu mitaala yetu, tangu ule wa sekondari wa 2005 uliojengwa juu ya umahiri, inadai mbinu shirikishi: mwanafunzi aulize, abishe, atetee hoja mbele ya mwalimu. Mbinu shirikishi naziamini. Lakini kumtaka mtoto avunje mlangoni pa darasa adabu aliyofundishwa na bibi yake, bila kumpa daraja la kupitia, ni kumtia kwenye mtihani ambao haujaandikwa popote. Daraja lipo. Mwache aseme kwanza na mwenzake wa dawati, kwa lugha yoyote. Kisha wawili waseme na wawili, halafu mmoja alete jibu la kundi. Anayesema kwa niaba ya wenzake hajionyeshi mbele ya mkubwa, ametumwa, na kutumwa kila mtoto wa huku anakujua.

Kubadili machungwa kuwa mbuzi hakutoshi

Vitabu vya hesabu vimejaa Juma mwenye machungwa 12. Mwalimu mwenye nia njema husikia habari za utamaduni, akageuza machungwa kuwa mbuzi, akaamini kazi imekwisha. Hapo ndipo semina nyingi huishia.

Mwaka 1985 watafiti wa Recife, Brazili, walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya watoto 5 wachuuzi, wa kati ya miaka 9 na 15. Walinunua bidhaa kwao sokoni na kuwauliza bei na chenji. Watoto wakapata asilimia 98 ya hesabu zile. Baadaye wakawapa hesabu zile zile kwenye karatasi, tarakimu tupu, wakapata asilimia 37. Ni watoto wachache, lakini kilichoonekana ni kizito. Sokoni walikuwa wanapanga hesabu kwa njia yao, wakijumlisha mafungu waliyoyazoea. Kwenye karatasi walijaribu kufuata kanuni ya shuleni, wakaisahau katikati, wakatoa jibu lisiloingia akilini, wala hawakushtuka.

Kwa hiyo cha kutafuta ni njia ya kufikiri ambayo mtoto anayo tayari. Mchungaji mdogo anaweza kuliangalia kundi likiingia zizini akajua yupi hayupo bila kuhesabu moja, mbili, tatu, kwa sababu anawajua kwa sura na kwa ukoo: huyu ni mtoto wa yule, yule alizaa mwaka wa mvua. Huko ni kupanga vitu kwa makundi na mahusiano, na ni hisabati. Maziwa ya jioni yanagawanywa kati ya ndama na watu kwa uwiano ambao mama anaubadilisha kufuatana na majani. Mwalimu akiujua mgawanyo huo, ana somo zima la sehemu mkononi. Binti anayesuka ukili Zanzibar au Mafia anahesabu miyaa na kurudia ruwaza kwa vidole. Ila mwalimu hawezi kuvijua vitu hivi kwa kukaa ofisini, na vitabu vya kiada haviwezi kumwandikia, maana vinatumika nchi nzima.

Atavijuaje? Kwa kwenda. Katika mji wa Tucson, Arizona, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Luis Moll na wenzake waliwafundisha walimu kutembelea nyumba za wanafunzi wao, wengi wa familia zenye asili ya Meksiko, kama wanafunzi. Walikatazwa kwenda kushtaki. Walikwenda kuuliza watu wa nyumba ile wanajua nini. Wakakuta ujuzi wa ujenzi, kilimo, biashara ya mpakani, dawa za mitishamba, ufundi wa mitambo, wakaurudisha darasani ukawa masomo. Zaidi ya masomo, walimu wenyewe walibadilika: ni vigumu kumwita mtoto mtupu baada ya kukaa jikoni kwao.

Kwetu mzazi huitwa shuleni kwa mambo mawili, utoro na michango. Kwa hiyo mwalimu akionekana anakuja bomani, watu hujiandaa kwa lawama. Ziara ya kwanza inatakiwa kuvunja mazoea hayo: aende na mtu anayeaminika, mzee au mwenyekiti wa kitongoji, asiwe na daftari la mahudhurio mkononi, na awe amejifunza kusalimia. Mwanamume mgeni akimsalimia mama wa Kimaasai "Takwenya" akasubiri aitikiwe "Iko", ameshasema jambo ambalo hotuba haiwezi kulisema. Kisha aulize: huyu mtoto nyumbani anafanya kazi gani, nani alimfundisha, na anaifanya vizuri? Swali la mwisho ndilo kubwa. Kuna wazazi ambao hawajawahi kuulizwa na mtu wa shule mtoto wao anaweza nini.

Heshima inaishia wapi

Mwalimu yeyote wa kituo cha mbali atauliza: je, nikiheshimu utamaduni, ninyamaze binti wa darasa la sita akiozeshwa? Hapana, na vyuo viseme hivyo bila kumung'unya. Ukeketaji wa binti aliye chini ya miaka 18 ni jinai Tanzania tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanamfunga hadi miaka 30 anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyejifungua kurudi kwenye mfumo rasmi wa shule. Mwalimu ayajue haya kabla ya siku ya kwanza kazini, ajue pia kwamba hatakiwi kupambana peke yake kijijini anakoishi kwa hisani ya wenyeji. Yupo afisa ustawi wa jamii, lipo dawati la jinsia na watoto polisi, ipo simu ya watoto ya 116.

Sheria hizo ni chache na ziko wazi. Mambo mengi yanayogombanisha shule na nyumba hayamo ndani yake. Ni ya kalenda na mazoea, na yanazungumzika. Lindi na Mtwara ziko jamii zilizousogeza msimu wa jando na unyago hadi likizo, baada ya wazee na walimu kukaa pamoja. Kwa wafugaji, kiangazi kitaendelea kuwahamisha watu hata tukilalamika. Penye shule shikizi, yaani ndogo zilizo chini ya shule mama, karibu na malisho, au bweni lenye chakula cha uhakika, wengi hubaki. Anayeandika "utoro sugu" kwa mtoto aliyefuata maji na familia yake ameandika lisilomsaidia mtu.

Kwa nini tusiwaajiri wenyeji tu?

Ni swali la haki, na jibu lake ni ndiyo, kwa sehemu. Kenya imelionja kwa uchungu. Baada ya watu 28 kuuawa katika basi lililotoka Mandera Novemba 2014, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo, walimu wengi kutoka sehemu nyingine za nchi walikataa kurudi kaskazini mashariki, na shule zikabaki na mapengo kwa sababu walimu wenyeji walikuwa wachache mno. Nchi inayotegemea walimu wageni pekee katika maeneo fulani inaweka elimu ya huko rehani.

Tanzania nayo ina uzoefu wake. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakiwa kazini, kwa barua, redio na wakufunzi waliowatembelea. Tuliwaita walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na wengi waliwadharau kwa elimu yao ndogo, dharau iliyowaumiza watu waliobeba shule za vijijini kwa miaka mingi. Lakini wengi wao waliwajua watoto kwa majina ya baba zao, na hilo chuo hakikuwapa.

Hata hivyo uenyeji peke yake hauandai mwalimu. Madarasa yamechanganyika: Wasukuma wamehamia na mifugo yao hadi Rukwa, Morogoro na Lindi, na darasa la Dar es Salaam lina kila mtu. Tena mwenyeji aliyefaulu kwa kuchapwa kila alipotamka neno la kilugha anaweza kuwa mkali kwa kilugha kuliko mgeni yeyote, kwa kuwa anaamini fimbo ile ndiyo iliyomfikisha hapo. Wote wawili, mgeni na mwenyeji, wana kitu kimoja cha kujifunza: namna walivyolelewa wao ni namna moja kati ya nyingi. Bila hilo kila tofauti itasomeka kama upungufu.

Chuoni, mahali pa kuanzia ni mafunzo kwa vitendo. Leo mwanachuo hutafuta shule iliyo karibu na ndugu wa kumpa chakula na malazi, na siwezi kumlaumu, maana fedha hana. Matokeo yake anafanya mazoezi mahali anapopafahamu, kisha anaajiriwa mahali asipopafahamu. Kipindi kimoja kati ya vile anavyofanya kingegharamiwa kiwe mbali na kwao, na kazi yake ya kupimwa iwe na watoto watatu ambao mwalimu wa darasa amekata tamaa nao: awafuatilie, afike kwao, aandike wanachokiweza, kisha afundishe somo moja lililojengwa juu ya hicho. Mkufunzi amsahihishe kwa somo hilo.

Kwa walio kazini tayari, MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu kwa walimu kazini, umeweka walimu wa shule moja wakae pamoja mara kwa mara kujadili ufundishaji wao. Ni nafasi nzuri, na mara nyingi inatumika kujaza fomu. Ingetosha kila kikao kiwe cha watoto wawili: mwalimu alete daftari la mtoto aliyemshinda, wenzake wasome makosa yake, na awepo mtu anayeijua lugha ya nyumbani kwake, hata kama ni mpishi au mlinzi wa shule. Na mthibiti ubora anapokuja kukagua, baada ya kuangalia azimio la kazi na andalio la somo, amchague mtoto yeyote darasani na kumuuliza mwalimu: huyu anaweza nini? Swali hilo likiingia kwenye fomu ya ukaguzi, vyuo vitaanza kulifundisha, kwa sababu vyuo hufundisha kile kinachokaguliwa.